Ukuta wa Jikoni Una Joto

Machi 4

Naandika kwa sababu ya Kaka. Kila tukigombana ananiambia, "Hukusema hivyo," na mimi sina ushahidi. Basi kuanzia leo ushahidi utakuwepo, na tarehe juu yake.

Mvua imeanza. Kaka amekuja mchana kumjulia hali Mama, akaburuta tope kuanzia mlangoni hadi jikoni, na hapo hapo kigae kimoja kikabanduka kwenye ukuta wa sinki kikaanguka miguuni pake, vipande vipande. Kingenihurumia kingesubiri aondoke. Kaka akaugonga ukuta kwa ncha ya mwavuli wake, ukalia kama debe tupu. Vigae vya katikati vimetuna, vinasubiri zamu yao. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia ukuta tunao tayari, yeye alete huo ufa. Hakucheka. Kaka hajacheka tangu apandishwe cheo.

Kisha akatoa hukumu: mvua zikiisha ukuta ukiwa bado hivi, Mama anahamia kwake. Aliyasema mbele ya Mama mwenyewe, kana kwamba Mama ni kabati. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini, akaenda ukutani, akaweka kiganja pembeni ya pengo, akasimama hivyo mpaka Kaka alipoondoka.

Machi 5

Mvua. Nimeachia kiuno cha gauni la mteja asiyetaka kuambiwa kwamba ameongezeka.

Machi 7

Niuelezee huo ukuta, maana ndio mgomvi wetu mwaka huu. Aliujenga Baba. Hakuwa fundi, alikuwa mtunza stoo na mbishi, na aliamini mafundi wote ni wezi. Sebule ilikuwa kubwa mno, akasimamisha fremu ya mbao, akapigilia bodi za jipsamu huku na huku, upande mmoja ukawa jikoni na wa pili ukawa ujia wa kwenda vyumbani. Juu ya jipsamu akabandika vigae. Mtu yeyote angemwambia jipsamu ile ya kawaida na maji ya sinki havikai pamoja, lakini nani angemwambia Baba? Alifariki uani siku ile ile alipokuwa anaumaliza. Mimi nilikuwa bado kwa mume, mbali. Nilirudi baadaye, ndoa imenishinda, na masanduku na cherehani.

Kuhusu Mama na ukuta huo sijawahi kuuliza. Kila siku baada ya chakula cha mchana anauwekea kiganja, juu kidogo, mpaka ajinyooshe kwa vidole vya miguu. Nilidhani ni mazoezi ya bega.

Leo nilimuuliza kama angependa kuhamia kwa Kaka, akasema, "Sitoki hapa mimi." Na mimi namjua. Mama ukimng'oa kwenye nyumba hii atanyauka kwa Kaka, kati ya makochi yale yenye plastiki. Sitakubali. Ukuta utatengenezwa.

Machi 10

Fundi amekuja. Nikimuuliza atamaliza lini, kesho. Mchanga unakuja lini, kesho. Nimempa jina hilo hilo, Kesho, na ameitika.

Lakini mkono wake mzuri, nimpe haki yake. Anakwangua kwanza saruji nyeupe ya kwenye viungio, kisha anaingiza tindo chini ya ukingo wa kigae na kuigonga kidogo kidogo kwa nyundo mpaka kitoke. Vya pembeni vinatoka na karatasi ya jipsamu, na jipsamu yenyewe imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nyuma ya kila kigae kuna madonge manne ya gundi kwenye pembe na moja katikati. Kesho akacheka, akasema mzee wenu alikuwa anabandika kama mtu anayepaka siagi. Mama akainuka akaenda chumbani.

Machi 12

Kesho aliacha kazi saa ya chai. Alikuwa amefika katikati ya ukuta. Nilimwona anaweka mkono ili ajishikilie, akautoa, akautazama, akauweka tena. Akaniuliza kama nyuma kuna jiko. Nikamwambia nyuma ni ujia tu, akaangalie. Akaenda ujiani, akarudi, akanawa mikono mpaka viwikoni kwa muda mrefu. Akasema anakwenda kununua kisu cha kukatia bodi.

Machi 13

Simu ya Kesho imezimwa.

Machi 14

Imezimwa. Mvua ya mawe mchana.

Machi 16

Kesho amepiga mwenyewe. Alizungumza kwa adabu sana, akaniuliza hali ya Mama, akasema yeye ana watoto wadogo na kazi ile hataimalizia. Nikamwambia sawa, aje achukue nyundo yake na tindo. Akasema, "Baki navyo, dada." Sasa hapo ndipo nilipoogopa kidogo. Fundi anaweza kukukimbia na malipo ya awali, anaweza kukukimbia na funguo za nyumba, lakini hakuachii nyundo.

Machi 17

Nimeamua kuendelea mwenyewe. Nimefumua nguo maisha yangu yote, na hii nayo ni kufumua. Nimevunja vigae na kidole gumba changu, lakini mpaka jioni nilikuwa nimeshika mwendo. Mama amekaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango, anatazama kila kigae kinachotoka. Vizima anavipokea, anavifuta kwa kanga, anavipanga.

Machi 20

Leo nilipeleka nguo kwa mteja, mvua ikanizuia kwake. Niliporudi, vigae vilikuwa ukutani.

Si vyote. Vile vya katikati, nilivyovitoa jana na juzi, vimerudi mahali pake, vimenyooka kuliko alivyovinyoosha Baba. Nilisimama mlangoni na mwavuli unachuruzika. Halafu nikamwona Mama, mikono imemjaa unga hadi viwikoni. Alikuwa amekanda unga wa ngano kwa maji, akaweka madonge, manne kwenye pembe na moja katikati. Cha mwisho alikuwa bado amekishika kwa viganja viwili.

Nilimuuliza kwa upole, ingawa ndani nilikuwa nachemka, kwa nini ananirudisha nyuma. Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida la nyumbani.

"Nimemfunika. Mvua inanyesha, na wewe umemwacha wazi."

Nilimkalisha, nikamnawisha mikono. Vigae vilianguka vyenyewe kimoja kimoja wakati nachemsha maji. Kila kilipoanguka Mama alifumba macho.

Machi 21

Sikugusa ukuta.

Machi 22

Sikugusa. Nimejiambia ni uzee. Nimejiambia mara nyingi.

Machi 24

Nimeugusa.

Mama alikuwa amelala mchana. Nilikuwa nakwangua madonge ya gundi yaliyobaki, na vumbi likaniingia machoni, nikaegemea ukuta kwa bega ili nijifute. Nikahisi joto. Si joto la jiko wala la pasi. Ni lile la kiti alichoinuka mtu sasa hivi, unakaa na unajua kabisa kwamba kulikuwa na mtu. Na ukuta wenyewe umelowa, jamani, kulia na kushoto unaweza kuuminya kama sifongo.

Nilitoa bega. Nikaenda ujiani nikaupapasa upande wa pili, baridi tupu. Nikarudi. Joto lilianzia juu ya kichwa changu likashuka mpaka kiunoni, na juu lilikuwa jembamba, kisha likapanuka. Mimi ni mtu wa kupima watu. Nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo nikachora ukingo wake, pale linapoishia joto na kuanza baridi, pole pole, nikilifuata kwa kidole. Nilipomaliza nikarudi nyuma kuangalia nilichochora, na nilitamani nisingechora. Nimeshawapimia wanaume mashati ya kutosha kulijua bega nikiliona.

Sijamwambia Mama. Yeye ameamka, ameiona chaki, amepika uji, tumekunywa.

Machi 25

Asubuhi joto lilikuwa limetoka nje ya mstari wangu. Limesogea kama upana wa mkono, upande wa kiti cha Mama. Nimechora mstari wa pili.

Machi 26

Nimemwita fundi umeme, kijana mmoja mnene mchangamfu ambaye mtaa mzima unamwita Shoti kwa sababu kila tatizo kwake ni shoti. Nilitaka sana awe sahihi. Ameugusa ukuta akasema, unaona, waya umechunika humo ndani, unapata moto, bahati yenu nyumba haijaungua. Nikashukuru mpaka machozi yakanilenga. Waya. Kumbe waya tu. Nikamkaangia mayai.

Akazima swichi kuu, akasema tuache hivyo mpaka kesho ukuta upoe, kisha ataufungua. Tumeshinda bila umeme. Mama anashona kifungo karibu na dirisha, ananitazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo imeniudhi.

Machi 27

Umeme umezimwa tangu jana na ukuta una joto lile lile. Shoti ametoboa tundu dogo, akapitisha tochi na testa. Waya upo kweli, wa zamani, ila umekatwa huku na huku. Haujawahi kuunganishwa na chochote. Baba aliupitisha kwa ajili ya taa ambayo hakuwahi kuiweka.

Shoti akazima tochi. Akasema labda ni jua. Wote watatu tukatazama dirishani, na nje mvua inamwagika kama imelipiwa. Akakusanya vitu vyake. Mlangoni akaninong'oneza kwamba kwao kuna msemo, lisemwalo lipo. Nikamwambia kwetu pia upo, na hauna msaada wowote.

Machi 29

Jipsamu ya chini imeanza kumomonyoka yenyewe. Kuna harufu ya uvundo. Mama anakohoa. Kila siku natafuta sababu ya kutoikata, na kila siku anakohoa zaidi. Joto liko kwenye mstari wa tatu.

Machi 31

Kikohozi. Usiku mzima nimemsikia.

Aprili 2

Kaka amekuja, na leo nitaandika yote kwa sababu leo sikumwelewa nilivyozoea kumwelewa.

Aliingia akakuta ukuta uchi, mistari ya chaki, Mama ana kanga mbili mabegani. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimeshapanga maneno: kwamba yeye anaitaka nyumba aipangishe, kwamba Mama si mzigo wa kuhamishwa, kwamba yuko wapi wakati mimi nakula vumbi. Hakunipa nafasi. Aliitazama ile mistari, ukingo hadi ukingo, na uso wake ukabadilika. Akauliza kwa sauti ya chini kama imekuwa ikisogea. Nikamwambia ndiyo. Akauliza inasogea kwenda wapi, kisha akakiona kiti cha Mama na hakungoja jibu.

Tukatoka kibarazani. Akaniambia kwamba wiki ile ya msiba, nyumba imejaa watu, yeye alikwenda jikoni kunywa maji akaegemea ukuta. Akaruka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Tangu siku hiyo hajaugusa, na ndiyo maana kila akija anasimama katikati ya jikoni kama askari. Mimi nikidhani ni kiburi.

"Sitaki nyumba," alisema. "Nataka Mama asikae nacho peke yake. Sijui ni nini kile, na wewe hujui."

Nikamwuliza mbona hakusema miaka yote hii. Akaniuliza kama ningemwamini. Kusema kweli ningemcheka mpaka leo.

Tumekubaliana, jambo ambalo ninaliwekea tarehe kwa makusudi. Tunakata kesho. Kikohozi cha Mama hakisubiri, na iwe ni Baba au ni shetani, uvundo ni uvundo. Mama tumemwambia pamoja. Alisema tu, "Mtakata na mimi nikiwepo."

Aprili 3

Kaka aliwahi asubuhi na turubai. Maji yanatoka juu, alisema, bati limeachia pale bomba la hewa la sinki linapotokea, na tusipolifunika kwanza tutabadilisha bodi kila mwaka. Akapanda paani. Mvua ilikuwa manyunyu. Mimi nikachukua kisu cha kukatia bodi nikaanza pembeni, mbali na chaki, kata wima, kata mlalo, natoa kipande kipande. Jipsamu inatoka kama makapi. Nikakaribia mstari, na Mama akainuka kitini, akaja, akaweka viganja viwili katikati ya joto. Amejinyoosha kwa vidole, kichwa kimeinamia ukutani.

Nikamwambia, Mama, sogea. Akasema hawezi. Nikamwambia nitakukata mkono. Akasema nimkate. Hakuwa mkali. Ndipo akanieleza, huku mgongo ukiwa kwangu, jambo ambalo hajawahi kulieleza.

Walikuwa wanabandika pamoja. Baba anaweka madonge, Mama anashindilia kigae kwa viganja mpaka gundi ishike, na Baba anamwambia, haya, achia. Anaachia, wanakwenda cha pili. Ukuta mzima ndivyo walivyoujenga. Walipofika cha mwisho, Baba akaweka madonge, akampa akishike, akasema anatoka mara moja kunawa.

"Nilisikia kitu kimeanguka uani," Mama alisema. "Nilisikia, mwanangu. Lakini hakuwa ameniambia niachie. Gundi ilikuwa mbichi. Nilisema nikiachia kitaanguka, atarudi anigombeze. Nikashika. Nikamwita, akawa haitiki, nikashika. Kaka yako ndiye aliyetukuta, baba yako kule na mimi hapa."

Nikafikiria jinsi nilivyoita hayo mazoezi ya bega. Nikamshika kiuno kwa nyuma, mfupa mtupu, nikamwambia gundi imeshashika Mama, imeshika zamani, hakuna aliyekugombeza. Akasema anajua. Nikamwambia basi achia. Akatikisa kichwa.

"Usiseme wewe."

Tukasimama hivyo. Manyunyu yanagonga bati. Nililia kwenye kanga yake, sioni aibu kuliandika. Na hapo Kaka akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kidogo kama ana haraka, "Haya, achia."

Mama akaachia. Aliteremsha mikono yote miwili kwa mara moja, ikaning'inia, na mwili wake ukanilemea mpaka nikamkalisha kitini. Nikageuka kumshukuru Kaka kwa busara yake, maana watu wote husema akiongea simuni utadhani ni Baba.

Jikoni hakukuwa na mtu. Juu yetu nikasikia nyundo. Kaka alikuwa paani, anapigilia turubai, na alipoulizwa baadaye akasema hakushuka hata mara moja, na angesema nini, alikuwa na misumari mdomoni.

Nilikata. Nilikata haraka kabla sijafikiri. Kipande kile kikubwa kikatoka kizima, nikakigeuza. Upande wa ndani bodi yote ilikuwa nyeusi kwa ukungu na maji, isipokuwa sehemu moja kavu, nyeupe, safi kama siku ilipotoka dukani. Ilikuwa ndefu, nyembamba juu, pana mabegani. Nyuma yake hakukuwa na kitu. Mbao, vumbi, na ule waya usiokwenda popote.

Niliweka kiganja kwenye sehemu kavu ingali mikononi mwangu. Ilikuwa inapoa. Nilihisi ikipoa, mpaka ikawa bodi tu.

Aprili 4

Kaka amelala hapa. Ameosha vyombo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Aprili 7

Mbao mbili zimeoza chini, tumezibadilisha. Bodi mpya ni zile za kijani zinazostahimili maji. Kaka ameshikilia, mimi nimekaza skrubu. Ameniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa kukimbiwa.

Aprili 9

Tepu ya wavu kwenye viungio, puti ya kulainisha ukuta, mkono wa kwanza. Haikauki, mvua.

Aprili 11

Haijakauka. Mama hagusi ukuta. Hautazami hata. Amekigeuza kiti, anaangalia mlango.

Aprili 14

Msasa. Nyumba nzima nyeupe, hata sukari. Kikohozi cha Mama kimeisha, alhamdulillahi, lakini anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Anavaa sweta mchana.

Aprili 15

Puti mkono wa pili.

Aprili 18

Nimepitisha kiganja ukuta mzima. Laini, hauna hata kovu. Baridi kila mahali. Nilirudia usiku, nikarudia asubuhi. Nilitaka nini? Nimewahi kumwaga maji ya moto kwa bahati mbaya, nimewahi kukata kitambaa cha mtu vibaya, lakini sijawahi kujiona mharibifu kama ninavyojiona jikoni kwangu, mbele ya kazi nzuri kuliko zote nilizofanya kwa mikono hii.

Aprili 22

Mama amesema anataka kwenda kwa Kaka.

Alisema wakati nakoroga rangi. Nilidhani sikusikia. Nikamwambia ukuta umekwisha, Mama, hakuna wa kukuhamisha tena, Kaka mwenyewe alisema utahama ukuta ukiwa bado vile, nimeandika. Akasema anajua nimefanya kazi kubwa na Mungu atanilipa. Kisha akasema nyumba hii ni kubwa na hakuna mtu humu.

Nami nimekaa hapo hapo mbele yake, na brashi mkononi. Nilitaka kumuuliza mimi ni nani basi. Nikachovya brashi. Nimehangaika msimu mzima ili abaki, na hicho nilichokifanya ndicho kinachomwondoa.

Aprili 23

Sina la kuandika.

Mei 3

Jua. Kaka amekuja na gari. Mama alibeba begi dogo, na kiti chake cha kamba, hakutaka kiti kingine. Nilimfunga kilemba, akaniambia nimekaza sana. Hakupita jikoni. Kaka alinishika bega mlangoni, akasema nisijilaumu. Nikamwambia aondoe plastiki kwenye makochi.

Mei 4

Nimepaka rangi ya mwisho. Umependeza sana.

Mei 6

Nimepika kidogo, nikala nimesimama. Kimya cha nyumba hii kina uzito. Nimeongea na cherehani.

Mei 8

Nimempigia Kaka. Amesema Mama analala mchana kutwa, hataki kula, na mkewe ameanza kuogopa. Alisema neno daktari. Nikamwambia nakuja, akasema ningoje kwanza. Nimemwombea. Nimeomba nisamehewe, nikashindwa kutaja kosa.

Mei 11

Kaka amepiga leo mchana, jua kali, nilikuwa naanika nguo. Kwanza aliniuliza kama nimekaa. Nikasema moyoni, basi. Nikakaa chini pale pale uani kwenye saruji, nikamwambia aseme tu.

"Amekula," alisema. "Amekula sahani nzima, ameomba nyingine."

Nikamwuliza sasa mbona sauti yake iko hivyo. Akasema Mama alikihamisha kiti asubuhi, akakipeleka jikoni kwake, akakiweka kwenye ukuta wa upande wa dirisha. Ukuta wa tofali na saruji, nilikumbuke hilo, alisema, hauna waya, hauna bomba, haujawahi kuwa na kigae hata kimoja. Nikamwuliza kama ameuwekea mkono. Akasema hapana, hashiki. Ameegemea. Ameweka mgongo wote, kichwa chote, amevua sweta, anakula na kuongea pole pole kama mtu aliye na mwenzake.

Kaka akaniambia alipokwenda kuchukua sahani, aliupapasa ukuta nyuma ya shingo ya Mama.

"Mdogo wangu," alisema, "una joto."

Nikasikia kiti kinalia, kisha Mama anaomba simu. Hajawahi kuomba simu, huwa anaiogopa. Sauti yake ilikuwa imeshiba.

"Mwanangu, hujambo? Njoo ututembelee. Ila usije na tindo."